Tarehe ya Mafuta ya Mwili, Itazamwapo Kutoka Nyalikungu

Nyalikungu, mji ulio makao ya wilaya ya Maswa, umekaa katikati ya nchi ya pamba na ng'ombe, kando ya barabara itokayo Mwigumbi kwenda Bariadi na kuteremka hadi Lamadi karibu na ziwa. Na tangu zamani, miaka mingi kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, mafuta yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimia neema ya nyumba katika nchi hiyo. Maziwa yalisukwa vibuyuni, siagi ikachemshwa ikawa samli, na samli hiyo ikaliwa, ikapakwa mwilini, na katika zama za utawala wa Waingereza ikauzwa hata ikafika masoko ya mbali kwa njia ya Mwanza. Mtoto aliyenona alikuwa sifa ya mama yake, na mtu mzima aliyerudi safarini amekonda aliulizwa habari za maradhi kabla ya kuulizwa habari za alikotoka. Watu wa fikira hizo hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi ni sehemu ya haiba ya insani, wala kwamba shavu likiishiwa mafuta uso wote hubadilika.

Siku hizi habari ya kuhamisha mafuta ya mwili, yaani kuyafyonza tumboni au mapajani na kuyatia mahali pengine penye upungufu, imefika Maswa kama ilivyofika kila mahali, na imefika kwa jina la urembo: watu husikia juu ya makalio yaliyoongezwa na viuno vilivyopunguzwa, na baadhi yao hucheka, na baadhi yao hulaani. Wanaocheka na wanaolaani wote wametoa hukumu bila ya kuijua tarehe ya jambo lenyewe. Taaluma hii ilizaliwa katika jeraha na kulelewa katika vita, na wenye haki ya kwanza juu yake ni wale ambao nyuso na miili yao imeharibiwa na maradhi, na moto, na dawa. Na watu hao, kwa bahati mbaya, Nyalikungu inao.

Ni kweli kwamba matamanio ya mwili uliojaa ni makongwe katika nchi za Maziwa Makuu kuliko kisu cha tabibu yeyote. Mwingereza John Hanning Speke, ambaye mwaka 1858 alitoka Tabora, iliyojulikana wakati huo kwa jina la Kazeh, akapita Usukuma hata akaliona ziwa pale Mwanza tarehe 3 Agosti, alirejea kwa safari ya pili, na mwishoni mwa mwaka 1861 akawa mgeni wa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, magharibi ya ziwa hilo hilo. Huko aliwakuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakinoneshwa kwa maziwa hata wengine wao wasiweze kusimama bila ya msaada. Na mmoja wao, shemeji wa mfalme, alimpima na kuandika vipimo vyake: mkono futi 1 na inchi 11 kwa mzunguko, kifua futi 4 na inchi 4, urefu futi 5 na inchi 8. Binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa ameketi akinywa chombo cha maziwa, na baba yake yupo karibu na fimbo mkononi ili asiache kunywa. Kumpima mwenyeji wako kwa namna hiyo ni utovu wa adabu, na vitabu vya Ulaya vimeirudia hadithi hii mara nyingi kwa kustaajabu zaidi kuliko kwa kufahamu; walakini ushahidi wake una thamani, kwa kuwa watuonyesha kwamba katika Karagwe mwili wa mke ulimdhihirishia kila mtazamaji ni ng'ombe wangapi waliokamuliwa kwa ajili yake peke yake. Pwani nako mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani muda mrefu, akilishwa vizuri na kuepushwa na kazi na jua, ili siku ya kutoka awe amenawiri. Basi asemaye kwamba kupenda umbo lililojaa ni ugonjwa ulioletwa na picha za wageni amewasahau bibi zake.

Kisu kilianza kwingine, na kilianza kwa sababu nyingine. Mwaka 1893, wakati utawala wa Wajerumani ulipokuwa bado mchanga katika kituo chao cha Mwanza, tabibu mmoja wa taifa hilo hilo, Gustav Neuber wa mji wa Kiel, aliwaeleza wapasuaji wenzake jinsi alivyomtibu kijana ambaye ugonjwa wa mfupa ulikuwa umemwachia shimo na kovu lililoshikana na mfupa chini ya jicho. Alitwaa vipande vya mafuta katika mkono wa kijana huyo huyo, akavitia chini ya kovu, na shimo likajaa. Neuber aliona pia jambo ambalo wengi waliomfuata walilipuuza kwa hasara ya wagonjwa wao, nalo ni kwamba vipande vidogo ndivyo vilivyofaulu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, Vincenz Czerny wa Heidelberg, mwanafunzi wa mpasuaji mashuhuri Billroth, alimwondolea mwimbaji mmoja uvimbe katika titi, na ili asimwache na ubavu mtupu alichukua uvimbe wa mafuta uliokuwa mgongoni mwa mwanamke huyo huyo, usio na madhara, akaupandikiza mahali pa titi lililopungua. Kijana mwenye kovu na mwanamke mwenye titi lenye maradhi ndio wazee wa taaluma hii. Kabla yao hapana mrembo aliyetangulia.

Uharibifu ulikuja upesi. Mwaka 1899, huko Vienna, Robert Gersuny alianza kupiga sindano za vaselini na parafini chini ya ngozi, tena kwa nia njema, akitaka kumrudishia kijana umbo aliloondolewa na kifua kikuu. Na kwa kuwa parafini ilikuwa rahisi, wala haikuhitaji kumkata mgonjwa mahali pawili, ilienea Ulaya na Marekani kwa kasi, ikatiwa katika pua na mashavu na matiti, mpaka baada ya miaka michache nyuso zikaanza kuvimba, kuota madonge na kutoboka. Eugen Holländer wa Berlin, naye, alipojaribu kutia mafuta kwa sindano karibu na mwaka 1910, alichanganya mafuta ya binadamu na mafuta ya kondoo dume, akidhani kuwa ya kondoo yatakawia zaidi kuyeyuka. Wafugaji wa Maswa, ambao wanayajua mafuta ya kondoo kwa harufu na kwa mguso, wangemwambia mapema kwamba kitu cha mnyama hakitafanya maskani ndani ya mtu.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowapa wapasuaji wagonjwa kwa maelfu. Katika mahandaki ya Ufaransa askari aliinua kichwa, na chuma kikamwondolea taya au pua au shavu. Na wale waliosalimika walipelekwa kwa Hippolyte Morestin huko Paris, kwa Erich Lexer katika Ujerumani, na kwa Harold Gillies, ambaye mwaka 1917 alifunguliwa hospitali mahsusi ya nyuso katika Sidcup, karibu na London. Mafuta ya mwili yalikuwa moja ya vifaa vyao vya kujazia mapengo, pamoja na ngozi, gegedu na mfupa. Vita hivyo hivyo vilipiganwa kwetu. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na watu wa bara hii kwa makumi ya maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, wakafa kwa njaa, kuhara, homa na risasi, na waliorudi na majeraha walirudi nayo kama yalivyokuwa. Wapagazi hawakujengewa Sidcup. Nalisema hili kwa uchungu na kwa kusudi, kwa kuwa mgawanyo wa taaluma hii baina ya wenye kuihitaji na wenye kuipata ulianza hapo, na haujarekebishwa hata leo.

Baada ya vita hivyo, na hata baada ya vile vya pili, kizuizi kikubwa kilikuwa kwamba mafuta yaliyopandikizwa hayakudumu. Lyndon Peer, Mmarekani, aliandika mwaka 1950 kwamba baada ya mwaka mmoja kipande kilichohamishwa hupoteza kadiri ya nusu ya uzito wake. Sababu yake inafahamika. Mafuta yakiondolewa mahali pake hukatiwa damu, na siku za mwanzo huishi kwa unyevu yanaoupata katika nyama iliyo jirani, mpaka mishipa midogo mipya iyafikie. Chembe iliyo pembezoni mwa tone hupata riziki yake, na iliyo katikati ya bonge hufa, ikawa mfuko wa mafuta yaliyoyeyuka au donge gumu. Utafiti wa Kotaro Yoshimura na wenzake wa Tokyo, uliotangazwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa tabaka linalosalimika kwa uhakika ni la nje tu, lenye unene usiofika milimita moja. Mkulima wa Maswa hatapata taabu kulifahamu jambo hili, kwa sababu yeye hamwagi gunia zima la mbegu za pamba katika shimo moja kisha akangojea mavuno.

Sasa tarehe hii inarudi Afrika Mashariki kwa njia ambayo watu wachache wanaikumbuka. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand na jamaa ya yule Gillies, aliwatibu katika Vita vya Pili marubani walioungua, kwenye hospitali ya East Grinstead huko Uingereza, na hakuridhika kuziba majeraha yao tu, alitaka pia watoke nje, wakae na watu mezani, waoe na kufanya kazi. Baadaye McIndoe alikuwa na shamba chini ya Mlima Kilimanjaro, na huko yeye na wanafunzi wake wawili, Mwingereza Michael Wood aliyekuwa mpasuaji katika Nairobi na Mmarekani Thomas Rees wa New York, walishauriana juu ya watu waliowaona kila siku: watoto walioungua kwa moto wa mafiga, wenye midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, waliojeruhiwa na wanyama, na wote wako mbali na hospitali yenye mtaalamu. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo laitwa AMREF, na madaktari wake wakawa wanaruka kwa ndege ndogo mpaka hospitali za misheni zilizotawanyika katika Kenya, Tanganyika na Uganda. Watu wengi huijua AMREF kwa chanjo na kwa mafunzo ya wauguzi, wala hawajui kuwa chimbuko lake ni upasuaji wa kurekebisha maumbo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo saa iliyo bora katika tarehe yote ninayoisimulia, kwa sababu mara moja tu ilikubaliwa waziwazi, na mabingwa wa kwanza wa dunia, kwamba uso wa mtoto wa mchungaji una haki sawasawa na uso wa rubani.

Rees huyo, alipokuwa New York, alikabiliwa na ugonjwa uitwao kwa jina la Romberg, ambao hunyausha upande mmoja wa uso kidogo kidogo hata shavu likaonekana kama limefyonzwa, ilhali upande wa pili umebaki mzima. Kwa kuwa mafuta yaliyopandikizwa yalikuwa hayategemeki, yeye na mwenzake Franklin Ashley walijaribu kujaza nyuso hizo kwa silikoni ya maji, na wakaandika matokeo yake mwaka 1966. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini silikoni iliyopigwa ovyo, kwa wingi na kwa mikono isiyo na elimu, iliwaletea watu wengi madonge na vidonda vile vile vya parafini. Somo lilelile lilifundishwa mara mbili katika karne moja, na bado kuna watu katika miji yetu wanaopigwa sindano za vitu visivyojulikana na watu wasio matabibu.

Mlango ulifunguliwa na mrija. Baada ya Arpad na Giorgio Fischer, baba na mwana, kubuni chombo cha kufyonzea mafuta huko Rome katika miaka ya 1970, Yves-Gérard Illouz wa Paris alitumia mwaka 1977 mrija butu kumwondolea mgonjwa uvimbe wa mafuta mgongoni bila ya kumwachia kovu kubwa, na mara mafuta yaliyokuwa yakitupwa yakaonekana kuwa mali. Mwaka 1987 jumuiya ya wapasuaji wa kurekebisha maumbo katika Marekani ilikataza yasitiwe katika matiti, kwa hofu kwamba yakifa yataacha chembechembe ngumu zitakazofanana na saratani katika picha. Katazo hilo lilidumu miaka ishirini na zaidi. Katika muda huo Sydney Coleman wa New York aliirudia hekima ya Neuber kwa zana mpya: akayafyonza mafuta taratibu, akayazungusha katika mashine ili damu na maji vijitenge, akayatia kwa mrija mwembamba tone kwa tone, kila tone katika njia yake. Tangu hapo sehemu kubwa ya mafuta ikawa inadumu.

Oktoba 2004, taaluma ya mafuta ikiwa imekwisha kufikia ukamilifu huo, Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Katika vidonge vya mwanzo ilikuwamo stavudini, dawa ya bei nafuu iliyowaokoa watu wasiohesabika, na ambayo, kwa baadhi yao, baada ya miezi au miaka iliyeyusha mafuta ya mashavu, ya mikono, ya miguu na ya makalio, huku mafuta mengine yakikusanyika tumboni na nyuma ya shingo. Mtu aliyekuwa amepona, mwenye nguvu za kulima na kwenda mnadani, alitembea na uso uliotangaza siri yake kabla hajafungua kinywa, katika nchi ambayo, kama nilivyosema, aliyekonda aliulizwa habari za maradhi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni liliyahimiza mataifa kuiacha stavudini, na Tanzania ikaiacha; lakini mafuta yaliyokwisha kutoweka hurudi kwa shida sana, na kwa wengi hayarudi kamwe. Katika Ulaya wagonjwa wa namna hiyo walijazwa mashavu kwa mafuta yao wenyewe, ikiwa yamesalia ya kutosha mahali fulani mwilini, au kwa sindano za asidi maalumu, na madaktari hawakuuita urembo. Waliuita tiba, kwa kuwa mtu anayeficha uso huacha pia kwenda kliniki. Mwana wa Nyalikungu mwenye shavu lililobonyea hakuwa na haja ndogo kuliko mwenzake wa Paris, na haja hiyo ndiyo iliyomtuma Neuber kushika kisu mwaka 1893.

Kadhalika moto. Nyumba inayopikia juu ya mafiga na kuwashia koroboi huzaa majeraha ambayo kila muuguzi wa wilaya anayajua: mtoto amemwagikiwa na uji, mwenye kifafa ameanguka jikoni, binti nguo yake imeshika moto. Wengi hupona jeraha wakabaki na kovu, na kovu la moto hukaza: kidevu hushikana na kifua, kiwiko hakinyooki, vidole hujikunja kiganjani. Kazi ya kwanza hapo ni kulikata kovu na kupandikiza ngozi, na mafuta hayawezi kuchukua nafasi ya ngozi. Asikubali mtu kudanganywa katika hilo. Lakini wapasuaji wengi wameona kwamba kovu lililotiliwa mafuta chini yake hulainika, likaachana na nyama, likavutika. Na mwaka 2007 Gino Rigotti wa Verona na wenzake waliandika kwamba hata nyama iliyoharibiwa na mionzi ya tiba ya saratani hupata uhai inapotiwa mafuta, wakidhani kuwa chembe mama zilizomo ndani yake ndizo zinazochochea mishipa mipya. Nchi hii ya ziwa ina ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao jua huwapa saratani za uso, na ambao wakifanyiwa upasuaji hubaki na mashimo penye pua, sikio au shavu. Hao nao wamo katika orodha ya wenye haki.

Ama urembo, sina neno baya juu ya mtu mzima anayetaka umbo jingine na ana uwezo wa kulilipia. Nimekwisha onyesha kwamba matamanio hayo ni ya asili. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, imekwisha kuanza upasuaji wa kurekebisha maumbo na kupunguza mafuta ya mwili, na hilo ni jema, kwa sababu watu wetu walikuwa wakienda nchi za mbali, wengine bila ya kujua wanajikabidhi kwa nani. Lakini msomaji ajue hatari iliyomo. Mafuta ya kuongeza makalio yakitiwa ndani ya msuli huweza kuingia katika mishipa mikubwa iliyo chini yake, yakaenda moyoni na mapafuni, na mtu akafa pale pale mezani. Mwaka 2018 kamati ya pamoja ya vyama vya wapasuaji ilionya kwamba huenda mtu mmoja alikuwa akifa katika kila upasuaji 3,000 wa namna hiyo, ikaamuru mafuta yatiwe chini ya ngozi tu na kamwe yasitiwe ndani ya msuli.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ndiyo kimbilio la rufaa la watu wa Kanda ya Ziwa, na mtu wa Maswa aliyeungua vibaya huelekezwa huko. Mrija, sindano na mashine ya kuzungushia ni vyombo vya gharama ndogo mno vikilinganishwa na mashine nyingine za hospitali kubwa, na mafuta yenyewe mgonjwa huja nayo. Kinachohitajika ni mikono iliyofunzwa, na nafasi ya kitanda kwa mtu ambaye hafi leo. Nawaomba wanaopanga masomo ya mabingwa na bajeti za afya waipeleke taaluma hii Bugando na hospitali ya mkoa pale Bariadi kwa jina lake la kwanza, jina la tiba ya majeraha. Nawe mzazi wa Nyalikungu, mwanao akiungua mmwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, usimpake samli wala dawa ya meno, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa kovu limekwisha kuanza kukaza, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo alivyoandikiwa, bali omba barua ya rufaa.